Kabari Nne Chini ya Bunge la Zamani

Wale mliokuja nyumbani Jumapili ile mkaambiwa nimelala, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na uchovu wa furaha, na nimegundua kwamba huo humlaza mtu kuliko uchovu wa kazi. Maswali mliyoacha kwa mdogo wangu Rehema yamenifikia yote. Je, ni kweli niliingia Bunge la watu? Ni kweli nilivishwa kofia ya mjenzi juu ya kilemba? Na mbona nimeondoka na nyundo ya Bruda nikarudi na nyingine? Nitayajibu kwa kufuata njia nilivyoipita, maana nikianza na nyundo hamtaelewa kitu. Mambo ya viza na fomu nimeyaruka. Yalikuwa mengi na hayana utamu.

Kwa atakayesoma bila kunijua, mimi ni Agata, wa kwanza kati ya watoto wanne. Wazazi wetu waliondoka duniani ndani ya mwaka mmoja, nikiwa darasa la tano, na darasa hilo ndilo nililoishia. Monasteri ya jirani ilikuwa inajenga bweni. Watawa wakanipa kazi ya kuchota maji, kisha ya kuzima chokaa na kuichuja. Festo, kitinda mimba wetu, alikulia mgongoni kwangu kando ya pipa la chokaa. Fundi mkuu alikuwa Bruda Anselmi, mtu wa maneno machache, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja. Fundi akishajenga tao, hakiondoi kiunzi kwa hiari yake. Kiunzi ni zile mbao zinazolibeba tao kabla halijaweza kujibeba. Aliyechanganya chokaa ndiye huligusa kwa ukucha, na ndiye husema neno. Neno lenyewe ni "Achia." Akishalisema, anasimama chini ya tao wakati kabari za kiunzi, vile vipande vya mti vinavyokibana, zinagongwa kutoka. "Kama chokaa yako ni ya kweli," alikuwa akisema Bruda, "kwa nini kichwa chako kiwe mbali?"

Mimi nimesimama chini ya matao thelathini na kitu. Kichwa ninacho bado.

Festo nilimsomesha kwa chokaa hiyo. Akafika Stockholm kuchukua shahada ya pili ya takwimu, na nikatembea kijijini shingo juu. Kisha akaacha. Aliacha vitabu akaenda kujifunza uashi, na alikaa mwaka mzima bila kuniambia. Aliponiambia, nilinyamaza miezi mitatu. Nilibeba ndoo ili yeye asibebe, na yeye amekwenda hadi Ulaya kuitafuta ndoo. Mwezi wa nne akanitumia swali kwenye simu: "Dada, mahali penye unyevu, chokaa inakaa siku ngapi?" Nilijibu habari ya chokaa. Ile nyingine sikuigusa.

Basi mwaka huu ukafika mtihani wake wa mwisho wa ufundi. Alipewa kujenga upya tao la mlango uliobomoka katika vyumba vya chini vya Bunge la zamani la Swideni. Jengo hilo zamani sana lilikuwa monasteri, na kuta za watawa zimo bado huko chini. Wasimamizi wangekuja Alhamisi moja tu. Tao likisimama, atapewa cheti na mwajiri wake atamwandika kuwa mwashi kamili. Likianguka, au likibaki na kiunzi siku hiyo, angengoja hadi majira ya baridi, na nafasi ile ingekwenda kwa mwingine. Festo akawaambia wasimamizi kwamba chokaa ameichanganya kwa kipimo cha dada yake, na kiunzi hakitoki bila neno lake.

"Walicheka," aliniambia kwa simu. "Lakini wamekubali. Ila Dada, kama safari ni ngumu, niambie tu kwa simu."

"Simu haina kucha," nikamwambia.

Njombe hadi Dar es Salaam: nyundo inakuwa silaha

Nyundo ya mti ya Bruda Anselmi aliniachia mimi alipozeeka. Niliifunga kwa kitambaa, na kwenye mpini nikazungushia karatasi yenye anwani ambayo Festo alinisomea herufi moja moja. Niliona hapo ndipo salama kuliko mahali pote, kwa kuwa nyundo ile siwezi kuisahau. Nikaitia kwenye mkoba wa mkononi.

Safari ya basi hadi Dar haina cha kusimulia, isipokuwa kwamba niliondoka na sweta nikafika nimeishika mkononi. Uwanja wa ndege, kijana wa ukaguzi akatazama kioo chake, akanitazama mimi.

"Mama, una nini humu?"

"Nyundo."

"Huwezi kupanda ndege na nyundo. Hii ni silaha."

"Ni ya mti. Haijawahi kumgonga mtu."

"Ya kufanyia nini?"

Nikamweleza. Tao, kiunzi, kabari, neno. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Akamwita mkubwa wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, nami nikaeleza tena tangu mwanzo. Yule mama aliigeuza nyundo mkononi.

"Baba yangu alikuwa mwashi," akasema. "Hii isiende kwenye pipa la takataka. Mpelekeni akaiweke kwenye begi kubwa."

Nikarudishwa kwenye foleni ya mizigo, begi likafunguliwa, nyundo ikalazwa kati ya njugu na unga wa ulezi. Nilimshukuru yule mama sana. Hakuna kati yetu aliyekumbuka karatasi iliyozungushwa kwenye mpini.

Addis Ababa: kikombe cha tatu

Addis kulikuwa na mvua ya radi, na ndege yetu ilichelewa kuondoka Dar kwa saa tano. Tulipofika, ndege ya Stockholm ilikuwa imekwenda. Nilipaswa kuwa Swideni Jumatano asubuhi. Sasa ningefika Alhamisi asubuhi, siku yenyewe ya tao.

Kwenye dawati la waliokwama nilimsikia mwanamke akigomba kwa Kifaransa, kisha akageuka akasema peke yake, "Hawa watu banatuchezea." Nikamwamkia. Alikuwa Mama Bijou, mzaliwa wa Bukavu, anayeishi Hallunda, kusini mwa Stockholm, naye alikuwa ametoka Dar kumwona binti yake. Tulipelekwa hoteli moja na tukashinda pamoja siku nzima kama ndugu.

Chini kwenye ukumbi wa hoteli alikaa dada mmoja wa Kihabeshi akikaanga kahawa kwenye kikaango kidogo, moshi akiupepea kuelekea puani mwetu ili tuunuse. Pembeni aliweka sahani ya bisi. Mimi nikadhani bisi ni za watoto, nikaziacha. Mama Bijou akanisukumia sahani.

"Kula. Kahawa bila bisi ni matusi hapa."

Nikala. Nikamweleza safari yangu, naye akaweka kikombe chini.

"Weye unapanda ndege mbili juu ya kugusa ukuta?"

"Si ukuta. Ni tao."

"Na kama iko mbichi?"

"Nitasema ni bichi."

"Mbele ya Wazungu? Na ndugu yako anakosa karatasi yake?"

"Chokaa haimjui Mzungu wala ndugu."

Akapiga ulimi. "Ma chère, ndugu yako atalia."

"Atalia akiwa mzima," nikasema. Lakini bisi zilinikaukia mdomoni. Ni kweli, hilo ndilo nililolibeba tangu Njombe. Sikuogopa kwamba tao lingekuwa bovu. Niliogopa kwamba lingekuwa bovu na mimi ndiye ningelazimika kusema, na Festo angefikiri nimesema kwa hasira ya vile vitabu.

Basi la uwanja wa ndege likafika tukiwa kikombe cha pili. Nikasimama. Mama Bijou akanivuta kitambaa.

"Kaa. Kikombe ya tatu ndiyo ya baraka. Tukiacha, tutakosa na hii ndege ingine."

"Dereva anapiga honi."

"Apige."

Honi ililia, ikanyamaza. Mlango ukafunguka, dereva mwenyewe akaingia. Nilijiandaa kutukanwa. Akatazama lile birika jeusi la udongo lenye kahawa, akavuta kigoda, akakaa, akapewa kikombe. Tukanywa wote watatu cha baraka, ndipo tukaondoka.

Arlanda hadi mjini: mama aliyevuta pumzi

Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, Mama Bijou alipokelewa na wanawe. Waliongea naye Kiswidi mfululizo, naye akiwajibu Kiswahili mfululizo, na kila upande ulionekana kuridhika. Kabla ya kuondoka alinipa namba yake na amri ya kufika Hallunda Jumamosi kula sombe, yaani kisamvu.

Mimi nilibaki kwenye ule mkanda unaozungusha mizigo. Ulizunguka hadi ukabaki na gari moja la mtoto, nalo likachukuliwa. Begi langu halikuja. Nyundo haikuja, na hapo ndipo nilipokumbuka karatasi.

Nje alinisubiri Wanjiku, Mkenya, rafiki wa Festo kanisani. Anatunza wazee Upplands Väsby, mji mdogo ulio kwenye reli kati ya uwanja wa ndege na Stockholm, na tayari alikuwa amevaa sare ya kazi.

"Karibu sana, Dada Agata. Pole kwa begi, litakuja tu. Festo amenipigia tangu alfajiri. Saa hii ameingia huko chini na simu haishiki."

"Ni saa ngapi?"

"Saa tatu na robo. Tuna time. Twende kwa treni."

Njiani akanieleza jambo ambalo Festo alikuwa amelificha nisihangaike. Juu ya vile vyumba vya chini siku hizi kuna mahakama. Kugonga kunaruhusiwa saa ya chakula cha mchana tu, kuanzia saa tano na nusu hadi saa sita na nusu, wakati kesi zimesimama. Na kesho yake ilikuwa sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, mji wote unahamia mashambani. Saa hiyo moja ikipita, imepita.

"Mimi nashuka Väsby, shift yangu imeanza," Wanjiku akasema, akinipakatisha chupa ya chai na mandazi kwenye karatasi. "Wewe endelea mpaka Central. Shuka, fuata watu, uliza Bunge. Kila mtu anajua Bunge."

"Festo alisema la zamani."

"Dada, huku kila kitu ni cha zamani."

Akashuka, akanipungia mkono kupitia kioo.

Karibu yangu alikaa bibi mmoja mwenye nywele nyeupe na kikapu cha maua. Nikaonyesha mbele kwa kidole nikasema, "Central?" Yule bibi alivuta pumzi ndani ghafla, kama mtu aliyeona nyoka. Nikatazama nyuma yangu. Hakuna kitu. Baada ya vituo viwili nikauliza tena, "Central?" Akavuta pumzi tena, ile ile. Nikajua basi, maskini, ana pumu. Nikammiminia chai ya Wanjiku kwenye kifuniko cha chupa. Akashangaa, akainywa yote, akanipa ua moja. Tulipofika Central alinigusa bega kunionyesha nishuke, nami nikamwombea afya njema kwa Kiswahili.

Bunge lisilo na chini

Nilifuata watu, nikauliza Bunge, na kweli kila mtu alilijua. Wakanielekeza kwenye jumba kubwa la mawe lililokaa kwenye kisiwa kidogo, maji yakikimbia pande zote mbili. Mlangoni palikuwa na foleni ya watu wazima wenye viatu vizuri. Nikasema moyoni, kumbe wasimamizi ni wengi hivi. Nikaingia kwenye foleni.

Tulikaguliwa kama uwanja wa ndege, na safari hii sikuwa na nyundo. Binti mmoja mchangamfu alitupanga na kutuhesabu, kisha akatuongoza. Tukapanda ngazi. Tukapanda nyingine. Hapo moyo wangu ukaanza kugoma, maana mtu anayekwenda chini ya ardhi hapandi ngazi. Tukafika ukumbi mpana wenye viti vilivyopangwa nusu duara. Wenzangu walikaa wakatazama dari. Mimi nikaenda ukutani nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta ulijibu kama kabati.

Yule binti akaja. Kiingereza changu mnakijua. Nikamwambia, "Under. Monk. Where?" Alinitazama kwa huruma nyingi, akaniletea kiti.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama darajani, nimeshika ua la yule bibi, nikasema kwa sauti, "Ee Mungu, Bunge gani hili lisilo na chini?"

"Bunge zote hazina chini, Mama," sauti ikanijibu. "Hata ile ya kwetu."

Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la njano la wafagizi wa mji na mkokoteni wa mapipa mawili. Jina lake Mzee Sadiki, Mganda, alikimbilia huku ujanani na sasa anaishi Akalla, mwisho wa treni ya chini ya ardhi. Kiswahili chake kilikuwa kikali, kila sentensi kama amri, naye mwenyewe akanieleza kwa nini: alifundishwa na wanajeshi.

Nikammwagia yote kwa pumzi moja.

"Hii ni Bunge ya sasa," akasema. "Unatafuta ile ya zamani. Iko kwa kisiwa ingine, karibu na kanisa ya kaburi za wafalme. Dakika kumi. Twende."

"Na kazi yako, Mzee?"

"Kazi yangu ni kufagia mji. Kule pia ni mji." Akageuza mkokoteni. "Tembea, Mama. Usitembee kama unaenda mazishi."

Tulitembea, magurudumu yakilia juu ya mawe. Kila tulipopita kikaratasi, alikiokota bila kupunguza mwendo. Tulivuka barabara, tukavuka daraja jingine, na mbele yetu ukasimama mnara wa kanisa wenye ncha ya chuma iliyotoboka kama wavu, anga ikionekana katikati yake. Lile kanisa, Mzee Sadiki alisema, ndilo lililobaki wima la wale watawa. Nyumba yao iko chini ya ile nyumba pale. Akaonyesha kwa ufagio.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu mwenye nguo nyeupe za kazi, akitazama upande usio wetu. Nilimtambua kwa mabega. Aliponigeukia nikaiona mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwenye vifundo, ile mipasuko midogo inayoletwa na chokaa. Ninayo mimi. Sikujua kwamba inaweza kurithiwa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Saa?"

"Tano na dakika arobaini."

"Nionyeshe."

Vyumba vya watawa

Ngazi ziliteremka, na baridi ikapanda kutukuta. Juu nilikuwa nimeona madirisha marefu na kuta laini za kiserikali. Huku chini palikuwa matofali, mekundu na meusi, kuta nene kama urefu wa mtu aliyelala. Festo alinieleza tukiteremka. Watawa wa majoho ya kijivu walijenga, mfalme akawafukuza. Baadaye wakaja wabunge, wakakaa juu yake, wakahama. Sasa ni mahakimu. Kila aliyehamia alibadili juu. Chini hakuna aliyethubutu.

Nilikulia kwenye kuta za watawa, na nilipoweka kiganja pale nikasikia niko kazini.

Walikuwepo watu watatu. Mwajiri wa Festo alikuwa anatembea huku na huko. Mwanamke mmoja msimamizi alikuwa na ubao wa kuandikia. Wa tatu alikuwa mzee mrefu sana, msimamizi mkuu, mtu wa kaskazini ya mbali, mwenye nyusi kama brashi. Aliniangalia kuanzia kilemba hadi viatu, akasema kitu.

"Anauliza wewe ni nani," Festo akasema.

"Mwambie."

Festo akamwambia. Mzee akasema tena.

"Anauliza umesomea wapi." Festo alisita. "Nimwambie monasteri?"

"Mwambie darasa la tano. Kisha monasteri."

Yule mzee alisikiliza bila kucheka. Akavua kofia yake ngumu akanivika mimi juu ya kilemba, akaibana chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto, naye akaenda kusimama nyuma ya mstari wa usalama bila kofia.

Nikalisogelea tao. Lilikuwa zuri, na hilo lilinitisha, kwa sababu vitu vizuri huficha. Alikuwa amerudisha matofali yale yale ya kale, na moja kwenye bega la kulia lilikuwa na alama ya kidole gumba cha mtu aliyelishika likiwa bichi. Nikaweka cha kwangu ndani yake. Kilienea.

Kisha nikaanza kazi. Ukucha kwenye mguu wa kulia: uligoma kuzama. Mguu wa kushoto: uligoma. Utosini, pale tofali la mwisho lilipofunga: uligoma. Bega la kulia uligoma. Bega la kushoto ukucha ukazama.

Hakuna aliyeona ila mimi na Festo. Nikarudia kidole pembeni, ukucha ukazama tena, kidogo kama upana wa uzi. Mwajiri akatazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika tano.

Mama Bijou alinijia kichwani na bisi zake. Niliona vizuri jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kusema neno, na rahisi pia kusema hapana na nikaitwa mwaminifu. Yote mawili yangekuwa uvivu. Bruda hakutufundisha kusema, alitufundisha kugusa.

"Ulilimwagia maji lini?" nikauliza.

"Asubuhi hii. Na jana. Naweka magunia mabichi, kama ulivyosema, lisikauke upesi likapasuka."

"Gunia liliegemea wapi?"

Akafikiri. "Hapo hapo. Bega la kushoto."

"Nipe msumari."

Nikakwangua ngozi ile laini ikatoka kama jivu lenye maji. Chini yake nikasukuma ncha ya msumari kwa kiganja, kwa uzito wangu wote. Ndani palikataa. Nikasukuma mahali pa pili. Pakakataa. Nikabisha kwa kifundo, nikaomba kwa mkono watu wanyamaze, nikabisha tena kutoka bega hadi bega, na sauti ikapita yote sawa, kavu, bila kujikwaa. Unyevu ulikuwa wa gunia tu. Tao lenyewe lilikuwa limeshakuwa jiwe.

Nikapiga hatua moja, nikasimama chini yake.

Mwanamke wa ubao alisema kitu kwa haraka. Festo akatafsiri kwamba taratibu haziruhusu mtu kuwa pale. Yule mzee wa nyusi akamwinulia kidole kimoja, bila kuniondolea macho, na yule mama akarudi kwenye ubao wake.

"Nyundo ya Bruda iko Addis," nikamwambia Festo. "Utagongea nini?"

Akapeleka mkono nyuma ya mkanda wake akatoa nyundo ya mti. Mti wenyewe ulikuwa mweupe, wa miti yao ya huku. Lakini ilikuwa na kichwa kile kile kifupi, na mpini ule ule uliopinda kidogo, kwa kuwa Bruda alikuwa na kidole kilichovunjika na alichonga mpini umfuate. Festo alikuwa ameuchonga kwa kukumbuka, na kosa la kidole cha Bruda akaliweka.

"Achia," nikasema.

Akagonga kabari ya kwanza. Ya pili. Vumbi likashuka begani kwangu. Ya tatu ilikwama, akaigonga mara nne, na kila pigo nililisikia kwenye meno. Ya nne ikaruka yenyewe. Kiunzi kikashuka upana wa kidole, na kati ya mbao na matofali ukaonekana mwanga wa taa ya upande wa pili.

Tao halikufanya lolote. Ndiyo kazi ya tao.

Yule mzee akaja, akapitisha kiganja chote chini ya matofali, polepole, hadi kwenye bega la kushoto, akakaa hapo. Kisha akavuta pumzi ndani ghafla, kama aliyeona nyoka.

Nikamgeukia Festo. "Ameona ufa?"

Festo alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka kwenye chokaa. "Dada, amesema ndiyo. Watu wa kaskazini husema ndiyo hivyo."

Mzee akanitazama mimi, akavuta pumzi mara ya pili. Nami nikavuta yangu, nikamjibu. Nilimkumbuka bibi wa treni na chai ya pumu.

Kando ya maji

Ilisemwa cheti kitakuja baadaye kwa sherehe zao. Mkono wa pongezi Festo alipewa palepale, na mimi nilipewa wangu. Mwajiri alileta chakula cha sikukuu yao kabla ya siku, tukakila ukingoni mwa maji nyuma ya jengo: samaki baridi wa siki, matunda mekundu, na viazi vidogo vipya vilivyochemshwa na majani. Samaki nilimheshimu. Viazi nilivila kama mtu wa Njombe, nikawaambia ni vizuri ila vingengoja wiki mbili zaidi ardhini. Mzee Sadiki alikaa nasi, mkokoteni pembeni, akaviunga mkono viazi vyao.

"Hata kwa viazi mnataka kusema neno," akaniambia. "Nyinyi watu wa chokaa."

Walipoondoka, Festo akauliza bila kunitazama. "Dada, bado una hasira na mimi? Ya shule."

"Nilikuwa nayo. Nilipanda nayo ndege. Nadhani imebaki Addis na mizigo."

Begi lilifika siku ya tatu. Nililifungua mbele yake, nikatoa njugu, ulezi, na nyundo ya Bruda na karatasi yake mpinini. Nikapekua hadi chini. Hasira haikuwamo. Nyundo ya Bruda nilimwachia, kwa kuwa anazo kuta za watawa za kutunza. Yake nyeupe nimekuja nayo, na ndiyo mliyoiona mezani.

Sombe ya Mama Bijou nilikula Jumamosi hadi nikafungua mkanda. Wanjiku alinililia msamaha wa Bunge mara kumi, nami nikamwambia lile la kwanza ni zuri pia, lina viti.

Na sasa swali lenu kubwa, kama ni kweli niliingia Bunge. Niliingia mawili. La sasa nililiona nikiwa juu, nikapewa kiti. La zamani nilisimama chini yake kabari zikitoka, na linajibeba.